Uso wa Kiingereza, paa la mabati: nyumba ya wanasesere ya nyanya ilitoka wapi?

"Habari fundi. Marehemu nyanya yangu alikuwa yaya kwa setla mmoja upande wa Njoro. Familia ile ilipofungasha kuondoka, mwaka wa 1962 kwa kumbukumbu ya mama, ilimwachia nyumba ya wanasesere ya mbao. Imekaa juu ya kabati letu hapa Nakuru miaka yote. Tumekua tukiambiwa ilitoka Uingereza, na shangazi husema iliwahi kuwa ya Malkia alipokuwa mtoto. Nimeipima: upana sentimita 61, kina 30 na nusu, kimo hadi kileleni 66. Uso ni mweupe wenye mbao nyeusi, unafunguka kama kabati. Mbele kuna baraza ya nguzo nne. Ndani ni vyumba vinne, hakuna jikoni wala ngazi. Paa ni jekundu, lina mistari ya kutoka juu kwenda chini. Mlango una kimo cha sentimita 12 na nusu. Madirisha ni ya bati. Chini ya paa kwa ndani kuna herufi CHO, kichwa chini, na pembeni yake vitobo vya misumari vimejipanga kwa mstari. Kaka yangu anasema hapo ndipo palipokuwa choo. Mtu mmoja aliyeona picha anataka kuichukua kwa shilingi 5,000, mwingine ananiambia ni ya mamilioni. Mimi nilifikiria niipige msasa na kuipaka rangi upya, binti yangu wa miaka minne aichezee. Je, ni ya Uingereza kweli? Nifanye nini?"

Dada, kwanza kabisa rudisha huo msasa kwenye droo. Mengine tutayazungumza polepole.

Niwie radhi kwa kuanza na amri, lakini nina sababu. Nilipoanza kazi hii ya kukarabati samani, karakana yangu ikiwa bado kibanda cha mabati karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, mteja aliniletea kasha la nguo la babu yake. Nikalipiga msasa juu, chini, ndani ya droo, kila mahali, nikalipaka vanishi likang'aa kama kioo. Alipokuja kulichukua akavuta droo ya chini, akaigeuza, akaniuliza, "Na yale maandishi ya penseli?" Babu yake alikuwa ameandika jina la fundi na mwaka. Nilimwangalia tu. Maandishi yalikuwa yameondoka na vumbi, na vumbi nililifagia mwenyewe jana yake. Hakunidai chochote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Umeniuliza mambo matatu kwa pumzi moja: ilitoka wapi, ina thamani gani, na mtoto anaweza kuichezea? Nitatumia muda mrefu kwenye la kwanza kwa sababu picha na vipimo vyako vimenikosesha usingizi, kwa uzuri.

Tuanze na Malkia. Shangazi hajadanganya, amepokea hadithi iliyochanganya nyumba mbili au tatu, na kila moja ilikuwepo kweli. Ipo nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iliyobuniwa na msanifu Edwin Lutyens kati ya 1921 na 1924. Ilionyeshwa Wembley kwenye maonyesho makubwa ya himaya mwaka wa 1924, na hadi leo iko kasri la Windsor. Ile haikutengenezewa mtoto hata kidogo. Ilikuwa zawadi kwa mtu mzima, ina mabomba yanayotoa maji na vitabu vidogo vilivyoandikwa kwa mkono. Kisha mwaka wa 1932 watu wa Wales walimpa Elizabeth, akiwa binti mfalme wa miaka sita, nyumba ndogo ya kuchezea iliyoezekwa kwa nyasi, ya kiasi cha mtoto kuingia ndani kwa miguu yake. Viwanda vya vitu vya kuchezea vikaigeuza kuwa nyumba za wanasesere za kuuzwa madukani. Ongeza ziara yake ya Kenya mwaka wa 1952, alipoingia hoteli ya Treetops binti mfalme akatoka malkia, na utaona jinsi ambavyo kila kikombe chenye maua kilichobaki katika nyumba ya setla kiligeuka kuwa "cha Malkia". Nimeshaletewa hata mwiko. Yako si ya Malkia, dada. Haina nyasi, na mtoto haingii.

Sasa Uingereza. Kinachowafanya watu waseme "ni ya Uingereza" ni ule uso mweupe wenye mbao nyeusi. Mtindo huo huitwa Tudor. Zamani sana kule kwao zile mbao zilikuwa mifupa ya nyumba yenyewe: unasimamisha kiunzi cha mti mgumu, unajaza udongo katikati, si mbali sana na nyumba zetu za fito na udongo. Kufikia miaka ya 1920 na 1930, watu wa vitongoji vya London walizipenda tena, lakini sasa nyumba zilijengwa kwa matofali na zile mbao zikabandikwa juu kama pambo. Kiwanda cha Lines Bros kikaiga pambo hilo kwenye nyumba za wanasesere. Hawa walikuwa ndugu watatu, Walter, William na Arthur Lines, walioanzisha kampuni yao mwaka wa 1919, na kwa kuwa Lines maana yake ni mistari, na mistari mitatu hufanya pembetatu, vitu vyao vikaitwa Tri-ang. Nyumba zao za Tudor ziliuzwa kwa wingi. Kampuni ilianguka mwaka wa 1971, lakini nyumba bado zipo, na mtu yeyote mwenye simu akitafuta picha atakutana nazo. Bila shaka huyo aliyekuambia habari za mamilioni alifanya hivyo hivyo: akaona nyeusi kwenye nyeupe, akafunga kesi.

Lakini mtindo haukuambii kitu kilitengenezwa wapi. Hukuambia aliyekitengeneza alikuwa ameona nini. Kitenge chenye picha ya mnara wa Paris si lazima kiwe kimefumwa Paris. Setla wa Njoro alijijengea nyumba yenye uso wa Tudor chini ya jua la Bonde la Ufa, na hakuna anayesema ile nyumba ilikuja kwa meli.

Kwa hiyo geuza nyumba uitazame chini na mgongoni. Tri-ang waliweka nembo yao ya pembetatu, mara nyingi ya kubandika. Inaweza kuwa imechubuka, ikabaki kivuli tu, eneo dogo ambalo rangi yake haijafifia kama pande zake. Nyumba za Ujerumani, hasa za Moritz Gottschalk wa Marienberg, mara nyingi huwa na namba ya bidhaa kwa penseli chini ya kitako, na kuta zake za nje zimefunikwa karatasi iliyochapwa matofali na madirisha. Zako zimepakwa rangi, hazina karatasi, kwa hiyo Ujerumani naiweka kando mapema.

Vipimo vyako vinasema jambo zuri. Sentimita 61 ni inchi 24, sentimita 30 na nusu ni inchi 12, na 66 ni inchi 26. Aliyeikata alikuwa na rula ya inchi, ndiyo maana inagawanyika sawasawa. Hilo halitutoi popote, maana Kenya ya wakati huo nayo ilikata mbao kwa inchi na futi. Mlango una maneno zaidi. Zidisha sentimita 12 na nusu kwa 12, kipimo cha wanaotengeneza nyumba za wanasesere za kifahari, unapata mlango wa mita moja na nusu. Mtu mzima angeinama. Zidisha kwa 16 unapata mita mbili kamili. Kiasi hicho cha moja kwa kumi na sita kiko karibu na nyumba za Tri-ang na samani zilizouzwa kuziingia. Kwa hiyo aliyetengeneza yako aidha alikuwa ameiona ya dukani, au alipewa viti na vitanda vidogo akaambiwa, "Vijengee nyumba."

Sasa paa, na hapa ndipo nilipoweka kikombe cha chai chini. Umesema mistari inatoka juu kwenda chini. Paa la Uingereza la mtindo ule ni la vigae. Vigae hupangwa safu juu ya safu, kwa hiyo fundi anayevichora kwenye mbao huchora mistari ya kulala, kisha anaikatakata kama magamba ya ngege. Katika picha yako ya tatu, ile ya jua la jioni, mistari inasimama, imeachana kwa upana wa kidole kidogo, na fundi amepaka kila mstari kivuli upande mmoja tu, upande wa kushoto, ili jicho lione bonde na tuta. Hayo ni mabati, dada. Mabati yaliyopakwa rangi nyekundu, kama paa za nyumba za zamani za reli utakazoziona Nakuru na hapa Kisumu, na za mashamba mengi kuanzia Molo hadi Kitale. Mtu aliyekulia London hachori mabati juu ya nyumba ya Tudor. Huchora hivyo mtu ambaye kila akiinua macho anaona paa la namna hiyo.

Baraza inasema neno lile lile. Nyumba za Tri-ang huwa na kibaraza kidogo cha mlangoni. Yako ina baraza ya uso mzima, nguzo nne, ya kukaa jioni. Na umesema hakuna jikoni. Watu wengi wangedhani imepotea au fundi alisahau. Kwenye nyumba nyingi za masetla jiko lilijengwa nje, peke yake, kwa kuogopa moto na moshi, na wapishi wakafanya kazi huko. Nyanya yako angekuonyesha lilipokuwa. Fundi hakusahau kitu. Jikoni ilikuwa nje ya ubao.

Halafu CHO. Mwambie kaka yako nimecheka, lakini wazo langu liko Kericho. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalianza kupandwa miaka ya 1920, na chai ilisafirishwa kwa masanduku ya plaiwudi nyembamba, kingo zake zikafungwa kwa ukanda wa bati uliopigiliwa vimisumari kwa nafasi sawa. Jina la shamba au la mahali lilipigwa ubavuni kwa rangi nyeusi kupitia bati lililotobolewa herufi. Herufi tatu peke yake si ushahidi. Maneno mengi huishia hivyo. Ila vile vitobo ulivyoviona vimejipanga kwa mstari ndivyo vinavyonishawishi. Chukua rula upime nafasi kati ya kitobo na kitobo. Kama zinalingana kutoka mwanzo hadi mwisho, basi ukanda wa bati ulibanduliwa hapo, na paa lako ni ubavu wa sanduku la chai.

Utaniambia, basi kesi imekwisha, ni ya Kenya. Bado. Masanduku hayo yalisafiri. Chai ya Kericho ilishuka Mombasa, ikapanda meli, ikafika London, na Waingereza wakishamaliza chai walitumia sanduku tupu kuhamishia vyombo, vitabu na sahani kutoka nyumba moja hadi nyingine. Baba mmoja kule angeweza kabisa kukata sanduku la Kericho akamtengenezea binti yake nyumba kwa ajili ya Krismasi. Na plaiwudi yenyewe ya masanduku hayo mara nyingi ilikuwa ya mbetula, mti wa nchi za baridi kali kaskazini mwa Ulaya. Unaona tulivyozunguka? Mti wa Ulaya, chai ya Kericho, bandari ya London. Ubao mmoja unaweza kuwa umevuka bahari mara tatu kabla ya kuwa paa. Ndiyo maana simwamini mtu anayetaja asili ya kitu kwa kuangalia kipande kimoja tu.

Basi twende kwenye kipande kisichosafiri sana: kitako. Ubao wa chini, ule mnene unaobeba kila kitu, fundi huuchukua karibu na alipo. Picha yako inaonyesha mbao ya rangi ya hudhurungi inayokaribia wekundu, yenye nyuzi zilizonyooka. Tafuta mahali pasipo na rangi, chini kabisa, pasugue kwa kitambaa kikavu hadi papate joto, kisha unuse. Harufu ikiwa ni ya penseli iliyochongwa sasa hivi, huo ni mtarakwa, mti wa misitu ya Mau na Aberdare, ambao kweli uliuzwa nje kutengenezea penseli na ambao wakulima wetu huutumia kwa nguzo za ua kwa kuwa mchwa hawaupendi. Ukiwa hauna harufu na ni wa manjano iliyopauka bila miviringo ya wazi, huenda ni podo, mbao iliyopasuliwa kwa wingi Elburgon na Molo. Nyumba iliyotengenezwa London haina sababu ya kukaa juu ya mtarakwa.

Madirisha tuyapitie haraka. Tri-ang walitumia fremu za chuma za kiwandani kuanzia miaka ya 1930, zote zinalingana, na nyingi zinafunguka kwa bawaba ndogo. Yako, kwenye picha, yamekatwa kwa mkasi wa bati. Moja lina kona iliyopitiliza. Funua taratibu rangi iliyokwisha kubanduka yenyewe, usiikwangue, uangalie upande wa nyuma. Ukikuta kipande cha nembo ya kampuni ya mafuta ya taa, hilo ni debe. Kila shamba lilikuwa na madebe.

Mwaka, je? Kanuni ni rahisi: kitu cha karibuni zaidi kilichojengewa ndani ndicho kinachokuambia nyumba haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Tazama mgongo. Kama ni hadibodi, yaani ule ubao wa kahawia ulio laini upande mmoja na wenye alama za wavu upande wa pili, ulivumbuliwa Marekani mwaka wa 1924 na ukachukua muda kufika kila mahali. Tazama skrubu za bawaba. Za mfuo mmoja ni za zama zote, lakini za nyota zilianza kusambaa kutoka Marekani katikati ya miaka ya 1930, na huku kwetu zilikuja baadaye. Ila tahadhari: bawaba hubadilishwa. Ukiona kivuli cha bawaba nyingine pembeni, au vitobo vya zamani vilivyozibwa kwa njiti ya kiberiti na gundi, skrubu zile hazituambii chochote isipokuwa kwamba mtoto mmoja alikuwa akiivuta milango kwa nguvu. Na kama chini ya karatasi ya kuta za ndani kuna gazeti, usilibandue. Lisome kwa tochi kwenye pembe iliyoinuka. Kipande cha gazeti la Baraza hakiwezi kuwa cha kabla ya 1939, mwaka lilipoanza. Kipande cha Kenya Weekly News, lililotoka hapo hapo Nakuru, kingenifurahisha kuliko nembo yoyote ya pembetatu.

Najua swali linalofuata: basi nani? Wa kwanza ni fundi wa Kihindi mwenye karakana mjini. Mafundi seremala wa Kisikh walikuja na reli, iliyofika Nakuru mwaka wa 1900 na Kisumu 1901, na wengi wakabaki wakifungua karakana. Kazi yao naijua kwa kuikarabati: pembe za sanduku zimekatwa meno yakashikana kama vidole, misumari ni michache. Wa pili ni fundi Mwafrika wa shambani, aliyetengeneza mageti, mizinga ya nyuki na viti vya baraza, ambaye jina lake halikuandikwa popote ila pengine kwenye daftari la mishahara. Wa tatu ni mfungwa wa Kiitaliano. Baada ya Waitaliano kushindwa Ethiopia mwaka wa 1941, maelfu waliletwa kwenye kambi za Kenya, Nanyuki, Gilgil, Londiani na kwingineko, wakajenga barabara ya mteremko na lile kanisa dogo la Mai Mahiu la 1942, na baadhi wakapelekwa kufanya kazi mashambani. Kila familia ya Bonde la Ufa yenye kitu kizuri cha mbao hupenda kumpa Mwitaliano sifa. Mimi huwa mgumu kidogo hapo. Tumempa Mwitaliano kazi nyingi mno ambazo Wafula na Kamau walizifanya. Wa nne ni baba mwenye nyumba mwenyewe, jioni, akiwa na msumeno mwembamba na mchoro. Lilikuwepo gazeti la kila wiki la Hobbies, la mji wa Dereham kule Norfolk, tangu 1895, likiwauzia watu michoro ya vitu vya kukata kwa mkono, na wasomaji wake walikuwa kila pembe ya himaya.

Nikilazimishwa kuchagua kwa picha tu, nasema hivi: uso ulichukuliwa kwenye mchoro au kwenye nyumba ya dukani, kwa sababu uwiano wake ni mzuri na mbao nyeusi zimepangwa kwa kujua. Kila kinachobaki, paa, baraza, madirisha, kitako, kilifanywa na mtu aliyeishi hapa na kuangalia nyumba za hapa. Baraza imegongomelewa juu ya uso baada ya uso kukamilika. Nguzo ya pili inafunika nusu ya ubao mweusi ambao hakuna mtu angejisumbua kuupaka kama alijua utafichwa. Mtu alimaliza nyumba ya Kiingereza, akaiangalia, akaona kuna kitu kimekosekana. Kwa hiyo jibu la swali lako: ubunifu wa mbele ni wa Uingereza, nyumba ni ya Kenya, kwa uwezekano mkubwa, na ilijengwa kati ya miaka ya 1930 na siku ile familia ilipofungasha.

Kuhusu pesa nitakuwa mkweli hata kama haitapendeza. Wakusanyaji wa Ulaya hulipia jina. Nyumba ya Tri-ang yenye nembo na rangi yake ya asili ina soko. Nyumba isiyo na jina huuzwa kwa bei ya chini, iwe nzuri namna gani. Mamilioni hayapo. Lakini anayekupa 5,000 kwa haraka, kabla hata hajaigusa, muulize anataka kuifanyia nini, halafu usikilize kama anajibu swali au anaongeza bei. Huna haraka. Kwa upande wa sheria, ile ya makumbusho na turathi ya 2006 inahesabu kitu kuwa cha kale kama kilitengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, kwa hiyo yako haimo. Ni mali yako, uza au usiuze. Mimi ningekaa nayo.

Sasa binti yako, na hapa sitanii. Rangi za miaka ile, nyekundu na nyeupe hasa, mara nyingi zilikuwa na risasi, ile madini ya sumu. Huwezi kuitambua kwa macho wala kwa harufu. Kuipiga msasa ndiyo njia mbaya kuliko zote, maana unaigeuza kuwa vumbi, vumbi linatua sakafuni, mtoto anatambaa, anaweka vidole mdomoni. Mtoto wa miaka minne hufyonza risasi nyingi kuliko mtu mzima, na madhara yake kwenye ubongo hayarudi nyuma. Kwa hiyo nyumba iwekwe juu, atazame, asichezee. Vipande vilivyokwisha kudondoka viokote kwa kitambaa chenye unyevu, usifagie kwa ufagio mkavu, na kitambaa kitupe. Kama alishawahi kuitafuna ile nguzo ya baraza, mpeleke hospitali umwambie daktari wazi kwamba unataka damu ipimwe risasi. Usingoje dalili; mara nyingi hazionekani. Na akitaka nyumba ya kuchezea, mtafutie fundi wa jua kali amtengenezee mpya kwa kufuata hii hii, vipimo unavyo tayari. Mwambie aweke jikoni.

Uliweka pia picha ya vitundu kwenye kitako bila kuuliza, nikaviona. Weka nyumba juu ya karatasi nyeusi wiki mbili. Kukionekana unga mpya mweupe kama wa muhogo chini ya vitundu, wadudu bado wamo. Pasipo unga, walishaondoka zamani. Tafadhali usikubali mtu aipake oili chafu au dizeli. Najua tunaipaka kwenye nguzo za ua. Hii si nguzo ya ua.

Kama unga upo, au rangi inaendelea kubanduka, hapo maandishi yangu hayatoshi, inataka mikono. Nenda makumbusho ya Hyrax Hill hapo Nakuru, au uje Makumbusho ya Kisumu, uombe kuunganishwa na watu wa uhifadhi wa Makumbusho ya Taifa. Mbao ikibishaniwa, KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, wana wataalamu wanaotambua mti kwa kipande kidogo kuliko ukucha. Usimwachie mtu nyumba nzima bila karatasi iliyoandikwa na kutiwa sahihi, hata kama ni mimi.

Na shangazi, kaa naye mapema. Usimuulize, "Ilitoka Uingereza?" maana atasema ndiyo. Muulize aliiona mara ya kwanza chumba gani, ilikuwa juu ya nini, nani aliruhusiwa kuifungua, na kama nyanya aliwahi kumtaja mtu aliyeitengeneza bawaba ilipokatika. Rekodi kwa simu, mwache azunguke. Jina la fundi likipatikana, litakuwa limejificha kwenye hadithi ya kitu kingine kabisa.

Anza na kitako. Kitambaa kikavu, sugua, nusa, kisha niandikie kama ni penseli.